Taa Iliyomzuia Mama Kuvuka

Wiki waliyosimika taa ya barabarani mbele ya nyumba yangu hapa Vwawa, majirani walitoka nje na simu zao kupiga picha, na mimi nikaenda sokoni kununua pazia. Nilitaka pazia zito, la rangi iliyokolea, lile ambalo ukilivuta huoni hata ulipoacha kandambili. Muuzaji, mama mmoja mwenye utani mwingi, akaniuliza kama nimeolewa na mlinzi, maana wateja wake wa mapazia ya namna hiyo ni wake wa walinzi wanaotaka waume zao walale mchana. Nilicheka, nikalipa, nikaondoka. Jirani yangu alipoliona limening'inia dirishani akasema, "Mwenzangu, watu wanaomba mwanga miaka yote, wewe umeletewa unaufungia nje?" Nikamwambia mwanga unaninyima usingizi. Ni kweli, ila kuna maneno niliyabakiza.

Niliyobakiza ni haya. Jioni taa ile ilipowaka kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikisubiri mwanangu apitiwe na usingizi, nikajikuta nimekunjua kiganja mbele ya uso na kuitazama mistari yake. Ilionekana yote, hata ile midogo ya kwenye vidole. Nikawaza: bado, leo mama hawezi kuja. Mtu mzima mimi, mwenye mtoto na kazi na kadi ya bima. Nilijionea huruma, kisha nikajikasirikia, na kesho yake ndipo nikaenda kununua pazia.

Wenzangu mliokulia mpakani enzi za koroboi na simu za tochi huenda mmeshajua ninakoelekea. Wengine ngoja niwaeleze.

Tulikaa Tunduma, mtaa wa pembeni kabisa, ambako ukimwaga maji machafu kwa nguvu yanaangukia Zambia. Nyumba ilikuwa ya mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akiuza chapati na supu kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa hiyo kwetu tulikuwa watatu tu: mama mkubwa, mama, na mimi Edina, mtoto mmoja kwa akina mama wawili, na bado niliona mama hawatoshi.

Mama alikuwa mwanamke wa mizigo. Asubuhi alivuka kwenda Nakonde kama watu wote, mikono mitupu, akiwasalimia Wazambia kwa Kibemba, "Mulishani," nao wakimwitikia kwa kicheko kwa sababu walimjua. Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Alirudi na sukari kichwani, na mwenye sukari hapiti getini penye maaskari. Anapita nyuma ya nyumba za watu, kwenye vichochoro na vishamba vya mahindi, njia za panya, na wakati wake ni giza. Kwenda mchana, kurudi giza. Sikuwahi kumwona mama akirudi na jua.

Wanawake wa mizigo hawakuangalia saa ili kujua giza limetosha. Walikuwa na kipimo chao. Wanakaa ng'ambo, kila mmoja juu ya mfuko wake, wamekunjua viganja. Mistari ya kiganja ikionekana, bado. Askari naye atakuona. Isipoonekana, twende. Mama alinifundisha kipimo hicho nikiwa sijaanza shule. Alinikalisha kizingitini, akanishika mkono akaufungua.

"Unaiona mistari?"

"Naiona."

"Basi mama bado yuko ng'ambo. Ukiona huioni tena, washa jiko uweke maji. Yakianza kuimba nitakuwa mlangoni."

Na ilikuwa hivyo hivyo. Kila jioni nilikaa kizingitini nimekodolea mkono wangu, nikiitazama mistari inavyofifia, kwanza ile midogo, halafu ile mitatu mikubwa, hadi kiganja kizima kinakuwa kitu kimoja cheusi. Hapo nilikuwa nakimbia jikoni. Maji yalipoanza kuimba, mama alikuwa anaingia kwa mlango wa uani, ananuka jasho na magunia, anatua mfuko na kusema, "Eeh Bwana." Namletea beseni, anatia chumvi, anaweka miguu ndani. Alikuwa na miguu mibaya, mama yangu, imepasuka visigino, nami niliipenda kuliko kitu chochote. Wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba giza ndilo lililomleta. Nilijionea mwenyewe. Watoto wengine waliogopa giza. Mimi nililisubiri kama wanavyosubiri sikukuu.

Halafu wakaja watu wenye makoti ya kung'aa, wakachimba mashimo kando ya barabara hadi mtaani kwetu, wakasimika nguzo ndefu za chuma, kila nguzo na taa yake na kibao cha sola juu. Moja ikasimama pale pale kona ya nyumba yetu. Mama aliiangalia kwa muda, akasonya.

"Haya. Wametuongezea jua la pili."

"Usiseme hivyo," akasema mama mkubwa. "Biashara itachangamka."

"Yako," mama akajibu, akaingia ndani.

Asubuhi moja, nguzo zikiwa zimesimama lakini taa bado hazijawashwa, mama alinipaka mafuta miguuni, akanisuka upya mstari wa mbele uliokuwa umefumuka. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Leo nikikumbuka najiuliza, nani anabeba sukari kwenye vichochoro akiwa amevaa viatu vya kanisani? Lakini mtoto haangalii hayo. Nilichosikia ni maneno yale yale ya kila siku.

"Giza likiingia nitakuwa nimefika."

Jioni ile ile ndipo taa zikawashwa. Mtaa mzima ulipiga vigelegele. Watoto walikimbia barabarani wakicheza na vivuli vyao, madereva wakapiga honi, na mama mkubwa akahamisha meza yake ya chapati hadi chini ya nguzo huku akicheka. Mimi nilikuwa kizingitini na kiganja changu. Jua lilikuwa limezama, nililiona kwa macho yangu likizama, na mistari ilipoanza kufifia nilishajiandaa kuinuka. Taa ikawaka. Mistari ikarudi. Mkono ulikuwa mweupe kama umepakwa unga, na kila mstari umekaa mahali pake. Nikasubiri. Ikabaki. Sikuwasha jiko, kwa sababu mama hakusema niwashe nikichoka. Alisema niwashe nisipoiona mistari. Nililala pale pale kizingitini, na mama mkubwa ndiye aliyenibeba ndani.

Kwa hiyo mnaona jinsi mambo yalivyojipanga. Mtu mzima angesema ni bahati mbaya tu ya siku mbili kugongana. Mimi sikuwa na hata chembe ya shaka. Mama alikuwa ng'ambo, amekaa juu ya mfuko wa sukari, amekunjua kiganja, anangoja giza, na giza limekatazwa kuingia. Ni taa.

Mama mkubwa naye bila kujua akanisaidia kuamini. Nilimsikia akiongea na simu uani, amenipa mgongo, sauti ya chini ya mtu anayegombana na ndugu yake. Alipoingia nikamuuliza mama anakuja lini.

"Mama yako hawezi kuvuka kwa sasa," akasema bila kuniangalia.

"Kwa sababu ya taa?"

Akanitazama, nadhani hakuelewa, au alielewa akaona ni afadhali hivyo. "Eeh," akasema. "Mambo mengi. Kula."

Majirani nao walinifariji kwa maneno ya majirani. "Kawia ufike," walisema. "Atakuja, mwanangu, subira yavuta heri." Nami nilikuwa na subira. Wasiwasi wangu ulikuwa juu yake yeye. Anakula nini pale alipokaa? Nani anamletea beseni? Niliwaza jinsi wale wanawake wengine walivyokaa naye kwenye mstari, wote wamekunjua viganja, wanatazamana, mmoja anasema "bado," mwingine anaitikia "bado," na mapambazuko yanawakuta hapo hapo. Nilipokutana mtaani na mmoja wa wanawake hao akiuza nyanya, sikushangaa hata kidogo. Nilidhani kapata mahali penye kivuli akapenya, na kwamba mama, aliyekuwa mwoga kidogo, ameshindwa.

Siku moja akaja fundi na ngazi kufuta vumbi kwenye vile vibao vya sola. Alikuwa kijana mchangamfu, anapiga mluzi. Nilisimama chini ya ngazi hadi akashuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti."

"Hii taa inazimwa wapi?"

"Haizimwi, hii. Haina swichi. Inajiwasha yenyewe. Hicho kibao kinapata jua mchana kutwa, jua likizama kinajua, kinaiambia taa, 'Haya, giza limefika,' na yenyewe inawaka."

Nilikaa na jambo hilo kichwani. Kumbe nayo taa ilikuwa inalingoja giza kama sisi, na ikiliona tu inalifukuza. Nikamuuliza tukikifunika kibao kile kwa gunia, taa itazimika?

Alicheka mpaka akashika ngazi. "Ukikifunika ndiyo umeharibu kabisa! Kitadhani ni usiku, taa iwake hata saa sita mchana."

Aliona jambo hilo ni la kuchekesha sana. Alinipa biskuti. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo nikalia, kwa sababu sasa hapakuwa na njia. Hata ukiizibia macho, ndiyo kwanza inaongeza.

Basi nikampelekea Mungu. Kanisani kwetu mwalimu wa watoto alikuwa na desturi ya kutuuliza kila mmoja anataka kuombewa nini. Mmoja aliomba bibi yake apone, mwingine aliomba mpira. Ilipofika zamu yangu nikasimama.

"Naomba taa ya mtaani kwetu izimike."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa mtu mwema, akainama hadi usawa wa uso wangu. "Edina, taa ni baraka. Mungu alisema iwe nuru. Anayependa giza ni nani?"

"Shetani!" wakajibu wote kwa pamoja.

Nikakaa. Nilipata homa ya mawazo siku ile. Kama anayependa giza ni shetani, mama yuko upande gani? Ibada ya wakubwa ilipofika, mchungaji akashukuru kwa ajili ya taa mpya, kusanyiko likasema amina, na mama mkubwa akasema amina kwa sauti kuliko wote, maana chapati zilikuwa zinatoka. Mimi nilifunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa kati ya watu wengi hivyo na kujua kwamba ninachokiomba mimi, wao wote wanaomba kinyume chake. Upweke wa namna hiyo sijaupata tena, hata ukubwani, na nimewahi kukaa peke yangu chumba cha kupanga Mbeya mwaka mzima.

Nikabakiwa na tumaini la umeme kukatika. Umeme wa kwetu ulikuwa unakatika kila mara, na nilijiambia siku ukikatika sawasawa, taa nayo itakwenda. Ukakatika kweli. Ilikuwa jioni, mvua imekatika punde, na nyumba zote zikazima kwa pamoja, upande wetu na wa Nakonde, televisheni zikanyamaza, mtaa ukasema "Aaah!" kwa sauti moja. Nikaruka nje na kiganja changu. Taa ilikuwa inawaka. Ilikuwa peke yake inawaka, tena kwa dharau, mbu na kumbikumbi wameizunguka, na watu wakawa wanatoka majumbani na vigoda vyao kwenda kukaa chini yake. Wakasema, "Sola bwana! Hii haina mgao." Wanawake walileta mabeseni ya maji kuokota kumbikumbi waliokuwa wanaanguka kama mvua nyingine. Kila mtu alikuwa na furaha. Nilirudi ndani, kwenye kona ya chumba ambako mwanga wa dirishani haukufika, nikakunjua mkono. Mistari haikuonekana. Lakini ile ilikuwa kona tu. Mama asingeweza kuvuka kwenye kona.

Hilo la watu kutoka na vigoda likabaki kuwa desturi ya kila jioni. Zamani giza lilikuwa linaturudisha nyumbani. Likiingia, meza zinafungwa, mama mkubwa anarudi, milango inawekwa komeo, tunakula pamoja kwenye sinia moja kwa mwanga wa koroboi, na nyuso zote ziko karibu. Taa ilipokuja hapakuwa na sababu ya mtu kurudi. Mama mkubwa aliuza hadi macho yakamwuma. Alikuwa ananiachia ugali na dagaa chini ya kawa, nakula peke yangu, namsikia anacheka na madereva hatua chache kutoka dirishani. Simlaumu, alikuwa ananilisha. Lakini nilikuwa na wazazi wawili wa kike, na taa ilikuwa imewachukua wote, mmoja ng'ambo na mwingine hapo nje.

Mwisho wa masika ndipo nilipoona hata mahindi yamenielewa. Nyuma ya nyumba tulikuwa na mistari michache ya mahindi. Yale ya mbali na nguzo yalitoa mbelewele, yakabeba, tukachoma. Yale yaliyokuwa chini ya taa yalirefuka tu, majani ya kijani kabisa, marefu kupita paa la choo, bila hindi hata moja. Mama mkubwa aliyakagua akishangaa, akasema mbegu mbaya. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba kuna mimea inayohitaji giza la kutosha ili ijue msimu wake umefika. Wakati ule sikuhitaji kusoma. Niliyagusa yale mabua nikajua nayo yanangoja usiku, yamesimama vile vile kama mama, na yataendelea kusimama.

Kisha mama mkubwa akaamua. Alisema mtoto wa kike hawezi kukua peke yake ndani ya nyumba ya kando ya barabara, na kwamba shule zikifungwa naenda kijijini Msangano kwa bibi, mama yao. Nilidhani ningelia. Lakini alipokuwa anafunga nguo zangu kwenye mfuko alisema, "Utazoea tu. Kule hakuna umeme, hakuna taa, ni giza totoro." Nikasimama nikashika ukuta. Hakuna taa! Nilimkumbatia, na yeye masikini akadhani ni uchungu wa kuachana, akalia.

Msangano tulifika jua likiwa limeinama. Bibi alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye maneno machache, mkulima wa mahindi na karanga aliyeishi peke yake na mbuzi wanne. Alinipokea mfuko, akanipa maji, akanionyesha pa kulala. Mimi nilikuwa nashindwa kukaa. Nilitoka nikakaa kizingitini, nikakunjua mkono.

Na giza likaja. Nilikuwa nimesahau jinsi linavyokuja. Lilitoka kwanza kwenye miti, kisha likapanda kutoka ardhini, mistari ya kidole ikaondoka, kisha ile mitatu mikubwa, mmoja, mwingine, na wa mwisho. Nikasogeza mkono hadi ukagusa pua. Hakuna kitu. Juu nyota zilikuwa zimemwagika nyingi kiasi kwamba sikuweza kupata mahali pa kuanzia kuzitazama, na wala sikuzitazama. Nilikimbilia jikoni kwa bibi, nikabandika sufuria ya maji mafigani.

"Maji ya nini saa hizi?" bibi akauliza. "Si umeshaoga?"

"Ya mama. Giza limeingia. Anakuja."

Bibi alikuwa anapepeta karanga. Ungo ukasimama. Akasukuma kuni moja ndani chini ya sufuria yangu. Maji yakaimba. Nikaenda mlangoni. Yakachemka, yakapungua, moto ukafa. Nikajiambia kwamba leo hajajua nimehama. Kutoka Nakonde hadi Msangano ni mbali, lazima apate habari kwanza. Kesho yake nikabandika tena. Na kesho kutwa. Kila siku giza lilikuja lote, bila kukosa, zuri, bila mtu wa kulizuia, na ndani ya giza hilo hakuna aliyetembea isipokuwa mbuzi.

Jioni moja bibi aliniondolea sufuria mkononi kabla sijaibandika. Akakaa chini, akanivuta nikakaa kati ya magoti yake, mgongo wangu kifuani mwake, ili asinione uso, au mimi nisimwone wake.

"Edina. Mama yako hayupo Nakonde."

"Yuko wapi?"

"Kitwe, ndani kabisa Zambia. Mbali. Ameolewa huko."

Nikafikiri kidogo. "Huko kuna taa?"

"Ni mji mkubwa. Zitakuwepo."

"Ndiyo maana," nikasema.

Nikahisi kifua chake kinapanda na kushuka nyuma yangu. "Hapana, mjukuu wangu. Siyo taa."

Niliinua kiganja, sikukiona, nikaelewa kitu ambacho nadhani nilikuwa nakijua tangu sufuria ya pili au ya tatu: giza limeingia, limeingia kabisa, na mama hajaja. Nililia hadi nikatapika. Na mnajua nililia nikiomba nini? Nilimwomba bibi anirudishe Tunduma. Nilitaka kurudi chini ya ile taa. Nikiwa kule nilikuwa mtoto ambaye mama yake amezuiwa. Huku kwenye giza nilikuwa mtoto ambaye mama yake ameondoka, na hakuna nguzo yoyote ya kuichukia. Bibi hakunielewa, alidhani namlilia mama mkubwa. Alinibeba hadi ndani akalala akinishika mguu, kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Ukubwani, mama mkubwa alinisimulia kwa kirefu zaidi. Alisema taa ziliua kweli biashara ya vichochoro, kwamba mama alikuwa hana tena kazi Tunduma, na yule mwanamume wa Kitwe alikuwa ameshamwahidi mambo mengi. Kwa hiyo sikuwa nimekosea yote. Namshukuru kwa kuniambia, ingawa nusu ya kweli haijawahi kunitosha kwa kitu chochote.

Mama alikuja nikiwa kidato cha pili. Alikuja Jumapili, bibi na mimi tumetoka kanisani, tunamenya viazi uani, jua likiwa utosini. Pikipiki ilisimama, akashuka mwanamke mnene kidogo, kitenge kizuri cha Zambia, mkoba mdogo begani. Alisimama pale barabarani kwenye mwanga mkali ule wa mchana, ameweka mkono juu ya macho, akitutafuta. Bibi alimtambua kwanza. Aliweka kisu chini, akasema, "Mgeni njoo," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akaingia ndani.

Nikabaki naye. Nilimpa kigoda. "Shikamoo."

"Marahaba, mama. Umekua." Akaniangalia miguu, mikono, nywele, akiogopa kufika usoni. "Unanijua?"

"Nakujua."

Akaanza kusema njia ilikuwa nzuri, vumbi tu, na kwamba Tunduma imebadilika, ina taa kila mahali, inapendeza. Nilimwacha aseme. Nilikuwa mkubwa tayari, na jibu la swali nililokuwa nalo nililijua tangu siku nyingi. Lakini nilitaka kulisikia kutoka kwake.

"Umevuka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Asubuhi. Saa nne hivi."

"Hawakukusumbua?"

"Wanisumbue nini? Sina mzigo."

"Na zamani? Wakati ule mimi niko kwa mama mkubwa. Mtu asipokuwa na mzigo?"

Alikunja mkanda wa mkoba wake kwenye kidole, akaukunjua. Aliangalia mlango alikoingia bibi, kama kwamba mtu atatoka kumsaidia kujibu.

"Hata zamani," akasema. "Asiye na mzigo alipita saa yoyote."